Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Kutembea na Kula katika Njia ya Santiago

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu hija ya miguu ya kwenda Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa Hispania, mahali ambapo kwa mapokeo ya Wakristo limehifadhiwa kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wote wanne wameuliza kuhusu chakula, nami nimefurahi, kwa kuwa nilipoitembea njia hiyo ndilo jambo nililolijua kidogo kuliko yote na lililonigharimu zaidi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina umri wa miaka 61. Parokia yetu inaandaa kikundi kitakachotembea sehemu ya ile inayoitwa Njia ya Kifaransa mwezi Mei mwakani, nasi tumeshauriwa tuanzie mji wa Burgos. Nimesoma mengi kuhusu makanisa na historia ya njia, lakini sijapata mtu wa kunieleza siku yenyewe inavyokwenda: watu wanaamka saa ngapi, wanatembea kwa muda gani, wanakula nini, wapi na wakati gani. Naiogopa njaa kuliko umbali, kwa sababu nimezoea kula kwa saa zangu. Naomba unieleze kwa kirefu.

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hofu yako ina msingi, na naona umeielekeza mahali panapostahili kuliko wengi wanaoniuliza kuhusu viatu peke yake. Njia ya Kifaransa, inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa wa milima ya Pirenei, ina urefu wa takriban kilomita 780. Ninyi mtakaoanzia Burgos mtakuwa mmebakiwa na zipatazo 490. Umbali huo hugawanywa katika siku za kilomita 20 hadi 25, na mtu wa umri wako mwenye afya njema, anayekwenda kilomita nne kwa saa na kupumzika ipasavyo, huumaliza mgawo wa siku kwa saa sita au saba. Ratiba ndiyo inayowashinda wengi. Saa za jiko la Kihispania hazilingani kabisa na saa za mtu anayetembea tangu alfajiri, na asiyelijua hilo hujikuta amefika mjini na njaa yake wakati maduka yamefungwa, na ameshalala wakati mikahawa ndiyo kwanza inaanza kupakua chajio.

Nitakueleza siku moja tu, ile ambayo kwenu itakuwa ya tano, mtakapotoka mji mdogo wa Carrión de los Condes kwenda kijiji cha Terradillos de los Templarios, mwendo wa kilomita kama 26 katika nyanda za juu za Meseta, mkoani Palencia. Nimeichagua kwa sababu kilomita 17 za mwanzo, hadi Calzadilla de la Cueza, hazina kijiji hata kimoja. Sehemu kubwa ya njia hapo inafuata barabara ya kale ya Warumi iliyonyooka kama uzi, ngano kulia na ngano kushoto, miti ya kivuli ya kuhesabika, na hakuna bomba la maji ambalo mtu anaweza kulitegemea. Wakati wa kiangazi hutokea mara moja moja mtu akaegesha gari la vinywaji kando ya njia, lakini nakusihi usiliweke tumbo lako rehani kwa bahati ya namna hiyo.

Siku hiyo, Mwalimu, huanza jana yake saa 11 jioni. Katika miji midogo ya Hispania maduka mengi hufungwa kuanzia saa 8 mchana, wenyeji wakaenda kula na kujinyoosha kitandani, kisha hufunguliwa tena saa 11 jioni hivi. Na siku ya Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Mimi nilifika Carrión siku ya Jumapili. Nilioga, nikafua, nikalala usingizi mzito wa mchana, na nilipotoka jioni kwenda kununua chakula cha kesho nikakuta milango imefungwa mtaa mzima. Asubuhi yake niliondoka na chupa moja ya maji na biskuti sita. Kilomita ya kumi haikuwa imetimia mikono ilipoanza kunitetemeka na miguu ikawa kama si yangu, nikaketi juu ya shanta yangu kando ya shamba la ngano. Mzee mmoja kutoka Korea, ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana, alisimama, akanipa yai la kuchemsha na nusu ya tunda la pichi, na hakuondoka mpaka aliponiona nimemeza tonge la mwisho. Tangu siku hiyo, kila jioni niliisoma ramani ya kesho kwa kuhesabu kwanza vijiji vyenye mkahawa, ndipo nikahesabu kilomita. Nakuomba uanze na desturi hiyo siku yako ya kwanza, usingoje ya tano.

Kwa hiyo jioni ya Carrión nunueni mkate, kipande cha jibini gumu ambalo halitayeyuka shantani, konzi mbili za lozi, ndizi na machungwa. Kama albergue yenu, yaani nyumba ya kulaza mahujaji, ina jiko, chemsheni mayai usiku huo huo. Maji yawe lita moja na nusu kwa kila mtu, au mbili ikiwa jua limetabiriwa kuwa kali. Mzigo wote hautakiwi kuzidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako; nimeona watu wakiutimiza mzani huo kwa kuacha chakula na kubeba viatu vya akiba, na hilo ni kosa. Mkishamaliza ununuzi, ingieni kanisa la Santa María. Masista Waagustino wanaohudumu hapo wamejulikana miaka mingi kwa kuimba pamoja na mahujaji na kumpa kila mmoja nyota ndogo ya karatasi waliyoipaka rangi wenyewe. Yangu ingali ndani ya kitabu changu cha sala.

Sasa asubuhi. Albergue nyingi hutaka wageni wawe wametoka kufikia saa 2, lakini chumba cha vitanda ishirini huanza kuamka saa 11 na nusu. Pangeni vitu vyenu usiku, ili asubuhi msiwachakarishie mifuko ya plastiki wale wanaolala; hakuna jambo linaloleta chuki ya haraka zaidi kati ya mahujaji. Kifungua kinywa cha Kihispania ni chepesi mno kwa mtu anayekwenda kutembea: mkate uliokaushwa kwa moto, siagi na jamu, na kahawa yenye maziwa mengi iitwayo café con leche. Kinyweni na mkile chote mnachopewa, kisha mwondoke saa 12 na nusu, kukiwa na mwanga wa kutosha kuiona mishale ya njano inayoelekeza njia. Mishale hiyo ina historia inayonigusa sana: Padre Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro milimani, alianza kuipaka kando ya njia katika miaka ya 1980, wakati ambapo mahujaji walikuwa wachache na njia ikikaribia kusahaulika. Alifariki mwaka 1989. Mwaka 2024 waliofika Santiago na kupokea cheti cha hija walikaribia 500,000.

Njiani, kula kabla ya kuona njaa, na unywe kabla ya kuona kiu. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini watu wazima wenye akili zao hulidharau kila siku, kwa sababu asubuhi mwili umepoa, upepo wa Meseta ni baridi hata mwezi Mei, na mtu hudhani anaweza kwenda mbio mpaka mwisho. Kwenye barabara ile ya Warumi niliporudi kuitembea mara ya pili nilisimama kila baada ya saa moja na robo. Nilivua viatu na soksi, nikaianika miguu, nikala kidogo: lozi na ndizi katika kituo cha kwanza, mkate na yai katika cha pili, chungwa katika cha tatu. Soksi zenye jasho ndizo huzaa malengelenge, na malengelenge yamewarudisha nyumbani mahujaji wengi waliokuwa na mapafu na magoti mazuri. Sehemu ya ngozi ikianza kuwaka, simama palepale uibandike plasta. Ukisema utaibandika kijijini, utabandika kidonda.

Kijiji cha Calzadilla kimejificha bondeni. Utatembea saa nne na zaidi bila kukiona, utaanza kudhani umepotea, kisha paa zitajitokeza ghafla chini ya miguu yako, na hapo itakuwa saa 5 asubuhi au inakaribia saa 6. Huu ndio wakati wa mlo ambao kwangu ni bora kuliko yote ya siku, ingawa hauna hata jina katika vitabu. Ingia mkahawani uagize kipande cha tortilla, mayai yaliyopikwa pamoja na viazi na kitunguu yakawa mkate mnene wa duara, ndugu wa damu wa chipsi mayai tunayoijua sisi. Huliwa moto au baridi, na huambatana na mkate. Agiza na kahawa ya pili. Usiione aibu kukaa nusu saa nzima na viatu umevua, maana wenye mkahawa wamewazoea mahujaji na wanajua kwamba mtu huyo ametoka Carrión. Kabla ya kuondoka omba mhuri katika credencial yako, kijitabu kile cha hujaji ambacho bila hicho albergue nyingi hazitakupokea. Mikahawa nayo ina mihuri.

Kilomita tisa zilizobaki, kupitia Ledigos, ni nyepesi, na mtafika Terradillos saa 8 au 9 mchana. Hapo utaratibu ni uleule wa kila siku: mhuri, kitanda, kuoga, kufua nguo za siku hiyo na kuzianika kukiwa bado na jua. Kisha kula. Kwa Mhispania saa 8 mchana ndiyo kwanza mlo mkuu unaanza, na jiko hufungwa saa 10 hivi. Ukichelewa, utakaa na mkate wenye kitu ndani mpaka jioni. Mikahawa mingi hutoa menú del día, yaani mlo wa siku, mchana, na kwa ajili yetu wasafiri hutoa menú del peregrino, yaani mlo wa hujaji, mara nyingi kuanzia saa 1 jioni, wakati wenyeji wao hawaanzi chajio kabla ya saa 3 usiku. Mlo huo una sahani mbili na kitindamlo, pamoja na mkate na mvinyo au maji, vyote kwa bei moja. Sahani ya kwanza huwa ni supu, saladi, adesi au makaroni. Ya pili ni kuku, samaki au nyama, na chipsi pembeni karibu kila mara. Mwisho ni tunda, mtindi au faluda ya mayai. Katika mkoa ule ombeni supu ya Kikastilia, iliyopikwa kwa kitunguu saumu, mkate wa jana na yai, ambayo ilinirudishia nguvu kuliko nyama yoyote. Siwezi kukudanganya kwamba mlo wa hujaji ni upishi wa hali ya juu. Wiki ya pili utazichoka chipsi, na hapo ndipo jiko la albergue linapokuwa na thamani: watu sita wanachanga, mmoja anamenya, mmoja anakoroga, na mezani mnakuwa mataifa manne.

Mkiwa mnakula mara moja tu mezani kwa siku, naomba uwe mlo wa saa 8 mchana badala ya ule wa usiku, kwa kuwa taa huzimwa saa 4 na tumbo zito halilali vizuri katika kitanda cha ghorofa. Wewe uliyezoea saa zako, Mwalimu, utaona kwamba siku ina milo mitano midogo badala ya mitatu mikubwa, na mwili unaizoea ratiba hiyo kwa siku nne au tano. Lakini muulize daktari wako kuhusu magoti, na kama una dawa unazotumia pamoja na chakula, mpangie naye saa mpya kabla ya kusafiri. Yapo pia makampuni yanayosafirisha mizigo kwa gari kutoka kijiji hadi kijiji, na mtu wa miaka 61 anayeyatumia ni hujaji kamili.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimealikwa na rafiki yangu Mkatoliki tutembee pamoja kilomita 100 za mwisho, kuanzia Sarria. Mimi ni Mwislamu na ninashika swala na chakula cha halali. Je, nitakubaliwa, na nitakula nini katika nchi ambayo nimesikia nguruwe yumo katika kila chungu?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kukubaliwa utakubaliwa. Albergue zinataka credencial, haziulizi dini, na njiani utakutana na watu wa imani zote na wasio na imani. Cheti kiitwacho Compostela hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100 kwa nia ya kidini au ya kiroho, naye anayesema alikuwa na nia nyingine hupewa cheti cha makaribisho. Sarria iko umbali wa kilomita kama 115 kutoka Santiago, nanyi mtaumaliza kwa siku tano hivi. Hakikisheni mnapiga mihuri miwili kila siku.

Kuhusu chungu, uliyoyasikia yana ukweli mwingi na ni lazima ujiandae. Supu ya Galicia, caldo gallego, ambayo kwa macho ni majani, viazi na maharage meupe tu, kwa kawaida hutiwa mafuta au mfupa wa nguruwe. Adesi hupikwa na soseji. Maharage mabichi hunyunyiziwa vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Hata keki na biskuti nyingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hatari kubwa iko katika neno lenyewe: ukisema hutaki carne, yaani nyama, mpishi mwenye nia njema anaweza kukuletea sahani yenye paja lile, kwa sababu wako wanaoliona kuwa ni kiungo tu. Kwa hiyo taja mnyama mwenyewe. Sema sin cerdo, bila nguruwe, kisha ongeza sin jamón, bila paja lile, kisha uulize kama mchuzi umetiwa vino, yaani mvinyo. Andika maneno haya katika karatasi uwaonyeshe kabla hawajaanza kupika, na utaona kwamba wengi wanajitahidi kwa moyo.

Habari njema ni kwamba utakuwa Galicia, mkoa wa bahari. Katika mji wa Melide, siku mbili kabla ya kufika Santiago, mahujaji wote husimama kula pweza. Huchemshwa katika masufuria makubwa, hukatwakatwa kwa mkasi mbele yako juu ya sahani ya mbao, kisha humiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi ya mawe na unga wa pilipili nyekundu. Sisi watu wa Pwani tunamjua pweza, lakini sijawahi kumla mlaini namna ile, na nilirudi dirishani kuomba sahani ya pili. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi wanahesabu viumbe vya baharini kuwa halali. Kama wewe unafuata madhehebu mengine, muulize shehe wako mapema. Mbali na pweza kuna samaki wa kukaanga, tortilla, jibini na asali, saladi ya jodari, na pilipili ndogo za kijani za Padrón zinazokaangwa nzima. Mwishoni kuna tarta de Santiago, keki ya lozi yenye alama ya msalaba wa Mtakatifu Yakobo iliyochorwa kwa sukari ya unga. Msalaba huo ni pambo la juu, uamuzi wa kuila au kuiacha ni wako na moyo wako.

Nyama usiitarajie. Katika vijiji vilivyo kati ya Sarria na Santiago sikuona bucha la halali, na siku tano za samaki na mayai zitakutosha kabisa. Kuhusu swala, mwezi ambao si wa kiangazi njia huwa na mapumziko ya utulivu msituni, na maji ya kutawadhia yapo. Chukua mkeka mwepesi. Bomba likiandikwa no potable, maji yake hayafai kunywewa.

SWALI: Vijana wa kwaya yetu wanasema mtu anaweza kutembea njia nzima bila pesa, akila na kulala bure kwa ukarimu wa watu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na naomba ndugu zetu wa kwaya wasisafiri wakiliamini hilo. Neno linalowachanganya ni donativo. Zipo albergue, hasa za parokia, ambazo hazina bei. Mlangoni kuna sanduku, na kila mtu anaweka kadiri ya uwezo wake. Katika kijiji cha Grañón, mkoani La Rioja, mahujaji hulala juu ya magodoro sakafuni katika jengo lililoshikamana na kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, hupika na kula pamoja, na sanduku liko wazi likiwa na maneno ya Kihispania yenye maana kwamba acha unachoweza, chukua unachohitaji. Nililala hapo, na chakula cha jioni nilichokula kilikuwa kimenunuliwa kwa pesa walizoziacha watu wa jana yake, ambao sitawaona kamwe. Ndivyo sanduku linavyofanya kazi: wewe unawalisha wa kesho. Likiwa tupu asubuhi, jioni mezani hakuna kitu, na wahudumu, ambao ni watu wa kujitolea, hulazimika kutoa mifukoni mwao. Anayepita njia nzima akichukua tu, anawanyima chakula wale ambao kweli wameishiwa.

Basi kwaya ipange bajeti ya siku yenye kitanda, mlo mmoja wa mezani na ununuzi wa dukani, ibebe euro taslimu kwa sababu sanduku na mikahawa midogo hazipokei kadi, na mahali pa donativo iweke angalau kile ambacho ingelipa katika albergue ya kawaida. Wakishakula, waimbe. Nimeona meza nzima ikinyamaza kwa wimbo mmoja wa lugha isiyojulikana pale, na hakuna sadaka iliyopokewa kwa furaha zaidi usiku ule. Wasisahau pia kwamba wenye pasipoti za Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen, na ubalozi utataka kuona ushahidi wa pesa za kujikimu.

SWALI: Nimesoma kwamba uko mji katika njia hiyo ambako supu huliwa mwisho, baada ya nyama. Je, sababu yake ni nini, na unanishauri nile?

JIBU: Ni Astorga, mkoani León, pamoja na vijiji vinavyouzunguka. Chakula chenyewe kinaitwa cocido maragato, kwa jina la Wamaragato, watu wa eneo hilo ambao kwa karne nyingi walikuwa wakisafirisha mizigo kwa nyumbu kati ya pwani ya Galicia na bara. Kwanza huletwa sinia la nyama za aina nyingi, nyingi zikiwa za nguruwe, kisha dengu na kabichi, kisha supu. Maelezo yanatofautiana. Wako wanaosema wasafirishaji hao walibeba nyama iliyopikwa tayari, wakaila kwanza ikiwa baridi, na kumalizia na supu ya moto walipofika nyumba ya wageni. Wengine wanasema kwamba kama tumbo litajaa kabla ya mlo kwisha, ni afadhali ibaki supu kuliko nyama. Mimi nayapenda maelezo ya kwanza, kwa kuwa nimetembea nao barabara moja na najua mtu anayewasili jioni na baridi anataka nini.

Nakushauri uile, lakini siyo katikati ya safari ya siku. Niliwaona watu wawili walioila saa 8 mchana wakijaribu kuendelea hadi Rabanal del Camino, kilomita 20 mbele na njia yote ikipanda taratibu. Waliishia kulala kijiji cha kwanza chenye kitanda. Fika Astorga mapema, chukua kitanda, oga, kaa mezani saa 8 na nusu, kula pole pole mpaka supu, halafu panda kwenda Rabanal kesho yake asubuhi.